Johari na Mkataba wa Hispania

Johari alikuwa ameshaegesha gari la baba yake nje ya jengo la akina Sabri, huku Alexandria, Marekani, simu ilipolia. Alipoona jina la Sabri moyo ulimruka. Alipoisikia sauti yake, ukamshuka.

"Mpenzi, usinichukie."

"Uko wapi?"

"Crystal City. Kuna hoteli lifti yake imekwama, watu sita wamo ndani, mmoja mjamzito. Zamu ni yangu. Siwezi kukataa."

"Sabri! Mama yako anatungoja mimi na wewe. Sisi wawili. Si mimi peke yangu!"

"Najua. Nisubiri kwenye gari. Lisaa limoja tu."

Johari akatazama saa. Ilikuwa saa sita na robo mchana, Jumamosi, jua la Julai likiunguza vioo. Kabla ya saa tisa alitakiwa awe amempa jibu Ethan, wakala wake, ambaye naye angelipeleka Hispania. La sivyo, timu ya huko ingemchukua mchezaji mwingine.

"Nikikaa humu lisaa limoja nitawasha gari na kurudi Wheaton," alisema. "Najijua. Bora nipande sasa hivi."

"Mama hang'ati, Johari."

"Alisema akiwa hai hutanioa."

"Alisema. Lakini hang'ati."

Johari alijikuta anacheka, na kicheko kile ndicho kilichomtoa ndani ya gari.

Johari Shamte alikuwa na miaka ishirini na minane na urefu wa futi sita na inchi mbili. Baba yake alitoka Tanga, mama yake ni Mmarekani wa Baltimore, na yeye mwenyewe alizaliwa na kukulia Wheaton. Mpira wa kikapu aliushika akiwa na miaka tisa. Ukamsomesha chuo kikuu, na alipomaliza, timu za nyumbani zilipomwacha, hakulia sana. Alifunga mabegi akaenda kucheza Ureno, kisha Poland, kisha misimu minne Uturuki. Kila Septemba anaondoka, kila Mei anarudi. Na kila akirudi, watu humuuliza, "Bado unacheza mpira?" kwa sauti ile ile wanayomuulizia mgonjwa kama bado anaumwa.

Sabri hakuwahi kumuuliza hivyo. Walikutana harusini, kwenye hoteli moja, lifti ilipokwama katikati ya ghorofa mbili na Johari yumo ndani na gauni lake la kijani. Fundi aliyeibandua milango alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya ghorofa ya juu. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni Johari akamtazama mwanamume kwa kuinua macho. Yule fundi akamwambia, "Nipe mkono, dada, usiogope, nimekushika." Waliposimama sawa sawa ukumbini, ikaonekana Johari anampita fundi kwa inchi nne. Sabri hakujali hata chembe.

Ilikuwa miaka mitatu sasa. Miaka mitatu ya mapenzi, lakini ukihesabu siku walizokuwa mji mmoja, hata mwaka haukutimia.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha mara ya pili.

Bi Tasnim alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, ushungi wa maua umefungwa nyuma ya shingo, mikono imejaa unga mpaka viwikoni. Alitazama kifua cha Johari, kisha akainua uso polepole mpaka akalifikia jicho lake.

"Yuko wapi Sabri?"

"Ameitwa kazini, lifti imekwama. Shikamoo, Bi Tasnim."

"Marahaba. Kwa hivyo umekuja peke yako."

"Nimekuja peke yangu."

"Huogopi?"

"Naogopa sana," Johari alijibu.

Bi Tasnim aliufungua mlango wote. "Haya, pita. Iangalie hiyo taa."

Alichelewa. Johari aligonga kichwa kwenye taa iliyoning'inia juu ya meza, shanga zake zikalia. Aliishika kwa mikono miwili ili itulie, akiona haya mpaka masikioni.

"Kaa," alisema Bi Tasnim. "Ukisimama unanipa kizunguzungu. Unajua kukunja sambusa?"

"Baba alinifundisha."

"Baba? Makubwa. Haya, kanawe mikono. Nna harusi ya watu kesho, sambusa mia tatu, na mazungumzo yetu hayatonikunjia hata moja."

Wakakaa wakitazamana, katikati yao manda zilizokatwa, bakuli la nyama na kikombe cha unga uliokorogwa kwa maji. Sambusa ya kwanza ya Johari ilitoka imepinda. Bi Tasnim aliichukua, akaikunjua, akaikunja upya bila neno. Ya pili akaiacha.

"Kiswahili unakisikia vyema?" aliuliza.

"Nakisikia vizuri. Kusema ndiyo... napotea potea."

"Basi n'sikize, usije ukasema sikukwambia kwa uwazi. Miye sikuchukii. Mpira wako siuchukii. Hizo kaptula utaulizwa weye na Mola wako, si miye. Lakini nna suali moja tu. Ukiolewa na mwanangu, Septemba utakuwa wapi?"

Johari aliongeza nyama kwenye manda iliyokuwa imeshajaa.

"Na Septemba ya pili yake?"

"Bi Tasnim..."

"Ngoja. Tangu uende mwaka jana, mwanangu akirudi kazini anakaa pale." Alielekeza kidevu dirishani, kwenye kiti chenye mto wa buluu. "Simu mkononi. Chakula namwekea kinapoa. Ukishinda anacheka peke yake. Ukishindwa siku mbili hasemi. Ulipoumia mguu alikuwa kama ameumia yeye. Mtu mzima, miaka thelathini na mbili, maisha yake yamo ndani ya kioo kikubwa hivi." Alionyesha kwa vidole vyenye unga. "Mama gani atataka hivyo kwa mwanawe?"

"Mimi pia nakaa hivyo," Johari alisema taratibu. "Huko ninakokaa pia kuna dirisha."

"Lakini weye uliondoka. Aliyeondoka ana safari. Aliyebaki hana kitu." Bi Tasnim alishindilia nyama kwenye manda kwa kidole gumba. "Nakwambia kitu nnachokijua. Marehemu mume wangu alikuja huku Sabri hata kutembea hajajua. Akaniambia miezi sita. Ikawa miaka tisa, mwanangu. Kila Ijumaa najipamba nakwenda posta kungoja simu, narudi nyumbani nimeshajipamba bure. Watu wananiuliza, mumeo hajambo? Nasema hajambo. Najua miye kama hajambo? Nimekaa eda ya mume aliye hai, miaka tisa. Miye ilinitosha. Mwanangu haikai."

Sauti yake haikupanda. Johari alitamani ipande, maana hasira angeijibu. Huzuni ile hakujua aishike wapi.

Akapangusa mikono, akatoa simu mfukoni.

"Ndiyo nimekuja na jibu," alisema. "Hispania wananipa miaka miwili. Sijawahi kupewa mkataba wa miaka miwili, huwa ni mwaka mmoja mmoja. Wanataka jibu kabla ya saa tisa. Na mimi nime-decide." Akaigeuza simu. "Nimeshaandika. Namwambia Ethan asante sana, naacha mpira. Sijamtumia tu. Nilitaka uone kwanza, ujue kwamba... kwamba Septemba nitakuwa hapa."

Alidhani Bi Tasnim atafurahi. Bi Tasnim aliinuka, akanawa mikono, akavaa miwani, akaishika ile simu na kuitazama kama mtu anayeangalia dawa asiyoijua.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Sabri anajua?"

"Hajui."

"Alikwambia uache?"

"Hajawahi kusema, hata siku moja."

"Miye nilikwambia uache?"

"Ulisema ukiwa hai..."

"Nilisema simtaki mtu wa kungojwa! Sikusema nataka mtu aliyekatwa miguu!" Hapo sasa sauti ilipanda. "Hebu nambie. Mpira unachezwa mpaka lini?"

"Mwili ukikubali, miaka mitano. Labda sita."

"Na unaupenda?"

Johari alifungua kinywa, Kiswahili kikamkimbia, Kiingereza nacho hakikuja. Machozi ndiyo yaliyotangulia. Akajifuta kwa mkono wenye unga, akabaki na alama nyeupe shavuni.

"Basi ushanijibu," alisema Bi Tasnim. "Sasa ukiuacha leo, ukakaa Wheaton, mwaka wa tatu unawatazama wenzio kwenye televisheni wanaruka, mwanangu utamtazama kwa jicho gani? Utamwambia humlaumu. Utamlaumu. Atakuletea chai, utamlaumu. Unataka kunipa mkwe wa namna hiyo?"

"Sasa unataka nini?" Johari aliropoka. "Nikienda hutaki. Nikibaki hutaki. Nifanye nini, Bi Tasnim? Niambie, nitafanya!"

Bi Tasnim alivua miwani. Akakaa, safari hii si ng'ambo ya meza ila kiti cha pembeni ya Johari.

"Ushawahi kumwomba Sabri akufuate?"

Johari alishika manda, akairudisha chini.

"Suali rahisi. Ushawahi kumwambia, Sabri, twende wote?"

"Hapana."

"Miaka mitatu?"

"Ana kazi yake. Alisomea muda mrefu. Na wewe uko peke yako hapa. Ningewezaje kumwomba aache vyote aje akae kwenye fleti ya timu, ananingoja nitoke mazoezini? Nilimhurumia."

"Ulimhurumia." Bi Tasnim alitikisa kichwa, na midomo yake ilikuwa kama inacheka, lakini macho hayakucheka. "Mume wangu Nadir naye alinihurumia. Alipokufa tayari tumeishi naye huku miaka mingi, tumesameheana, lakini siku moja nilimuuliza. Nikamwambia, mbona hukuniita? Akanambia nilikuwa nalala chumba cha chini, wanaume watano, baridi, nikaona Tasnim hataiweza. Nikamwambia, Nadir, ungesema njoo tulale chini, ningekuja na mkeka wangu kwapani." Alikusanya chembe za unga mezani kwa kiganja. "Si umbali ulioniuma, mwanangu. Mtu anavumilia umbali. Kilichoniuma ni kwamba alikaa peke yake akaamua miye naweza nini na siwezi nini. Hakuniomba. Na weye umemfanyia mwanangu vile vile."

Johari alihisi kama amepigwa kiwiko kifuani. Alikumbuka kila usiku aliomwambia Sabri, "Usijali, niko sawa," na jinsi alivyojisifu moyoni kwamba ni mwanamke asiyesumbua. Hakuwahi kufikiri kwamba kutosumbua kwake kulikuwa kufunga mlango.

"Sikujua," alinong'ona.

"Sasa unajua. Kunja sambusa."

Sabri aliingia saa nane kasoro, mbio, ovaroli ina grisi, jasho linamtiririka.

"Wametoka wote! Yule mjamzito katoka anacheka, anasema mtoto atamwita..." Akakatika. Alimwona Johari, macho mekundu, unga shavuni. Akamwona mama yake naye macho mekundu. Uso wake ukapauka. "Kumetokea nini? Mama, umemwambia nini?"

"Kaa," alisema Bi Tasnim. "Mwenzio ana neno."

Sabri alikaa ukingoni mwa kiti, akimtazama Johari kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Johari alikuwa amewahi kusimama mbele ya watu elfu nane wanaomzomea, sekunde mbili zimebaki, na mkono wake usitikisike. Sasa neno moja lilimtoka kwa shida.

"Sabri."

"Nakusikia."

"Hispania... miaka miwili..." Akashusha pumzi. "Twende wote."

Sabri aliinuka, akaenda dirishani, akawapa mgongo. Johari aliona mabega yake yanapanda na kushuka. Akajua amechelewa. Akageuka kumtazama Bi Tasnim, na Bi Tasnim akamwashiria kwa mkono, tulia.

"Unajua nimelingoja neno hilo tangu lini?" Sabri alisema, bado amegeukia nje.

"Sijui."

"Ulipoumia kifundo cha mguu, nilikata tiketi ya Istanbul. Hukujua hilo. Nikakupigia, nimejipanga kukwambia nakuja. Hata sijafungua mdomo ukaniambia, 'Usihangaike Sabri, huku niko sawa.' Nikairudisha." Sasa aligeuka, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Nilidhani huko una maisha yako hunitaki ndani yake. Nilidhani mimi ni wa kiangazi tu, Johari. Mei mpaka Agosti."

"Mungu wangu, hapana!" Johari alikuwa ameshasimama, taa ikalia tena juu ya kichwa chake, hakuijali. "Nilikuwa nalala na simu kifuani. Nilikuwa nataka useme utakuja. Niliogopa kuomba kwa sababu ungekubali, halafu ungejuta."

"Nijute kuwa na wewe?"

"Kuacha kazi. Kumwacha mama."

"Huko Hispania watu wanaishi ghorofani?"

"Ndiyo... wengi."

"Basi wana lifti," alisema Sabri. "Na lifti ni lifti tu, zinakwama kila nchi. Nitajifunza lugha, nitaanzia chini, sioni haya. Ila mama..."

Wote wawili wakamgeukia.

"Nini?" alisema Bi Tasnim. "Nani kakwambieni nataka mlinzi? Nimekaa Unguja na mtoto mchanga bila mume miaka tisa, n'shindwe Alexandria na majirani na oda za sambusa? Mtanipigia kila siku, na siku za baridi mtaniita nije kuota jua huko. Na mtaniita nyinyi, msingoje niombe."

"Na mjomba wa Bowie?" Sabri aliuliza. "Atasema mwanamume mzima anamfuata mke ni aibu."

"Mjomba wako mwenyewe alihamia Bowie kwa sababu mkewe kapata kazi ya serikali huko. Akisema neno, ntamkumbusha mbele ya watu."

Sabri aliangua kicheko, na Johari naye, kicheko cha mtu aliyeshikilia pumzi muda mrefu na sasa kaiachia. Sabri akamwendea. Alikumbuka grisi mikononi akasita, lakini Johari alimvuta hivyo hivyo, akainamisha paji la uso wake mpaka likagusana na lake. Walisimama hivyo, wamefumba macho. Johari alisikia moyo wa Sabri unapiga kwa kasi, kisha taratibu ukatulia.

"Haya, haya, miye nipo hapa," alisema Bi Tasnim, akijifanya anatafuta kitu kabatini. "Na hamwendi popote hivi hivi. Kambi yako inaanza lini?"

"Tarehe kumi Septemba."

"Basi Agosti yote ni yetu ya harusi. Babako atasemaje?"

"Baba amesema ukikubali wewe, yeye amekubali tangu mwaka juzi."

"Mtu wa Tanga ana adabu. Ntampigia mwenyewe jioni. Sasa mpigie huyo Ethan, saa zinakwenda."

Ilikuwa saa nane na nusu imepita. Johari alikaa, akaufungua ule ujumbe, akaufuta herufi kwa herufi mpaka pakabaki peupe. Kisha akapiga.

"Niambie ndiyo," alisema Ethan bila salamu.

"Ndiyo. Lakini nina sharti moja. Nyumba iwe ya watu wawili, na karatasi zao waandike watu wawili."

"Wa pili nani?"

Johari alimtazama Sabri, ambaye alikuwa amesimama mbele ya sinki anasugua grisi na masikio yote yako kwenye simu.

"Mume wangu," alisema.

Hakuwahi kulitamka neno hilo. Sabri alilifunga bomba ili alisikie vizuri. Upande wa pili Ethan alipiga yowe la furaha, akasema anawaandikia Hispania sasa hivi, wala asiondoke kwenye simu. Dakika kumi baadaye ujumbe ulirudi: wamekubali, na wanauliza bwana huyo anapenda ghorofa ya ngapi.

"Yoyote," alisema Sabri. "Ila wenye lifti yao nitawakagua kwanza."

Bi Tasnim aliwapakulia wali na mchuzi wa kamba, akawasimamia mpaka sahani zikawa tupu. Baada ya hapo Johari alisema anajinyoosha kidogo tu kwenye sofa, dakika tano, kisha atarudi mezani kumalizia kazi. Wiki mbili alikuwa halali ila kwa mang'amung'amu. Dakika tano hazikufika, usingizi ukamchukua, kichwa mkono huu wa sofa na miguu imening'inia kwa ule mwingine, kwenye hewa.

Sabri alisimama akimtazama. "Nimwamshe, mama? Alisema atamalizia."

Bi Tasnim alivuta kiti chenye mto wa buluu kutoka dirishani, akakisogeza polepole chini ya miguu ya Johari, akaiweka mmoja mmoja juu ya mto ule, kisha akamfunika kanga mpaka mabegani. Haikufika miguuni. Akaenda ndani kuleta ya pili.

"Muache mkwe wangu apumzike," alisema aliporudi, kwa sauti ndogo. "Kanawe tena mikono, uje ukunje weye. Bado mia na themanini."